Kutafuta Vitabu vya Kutambulia Sarafu za Kale Ukiwa Lamu: Mwongozo Kamili

Hakuna kitabu kimoja kitakachokutambulishia kila sarafu iliyomo katika kasha la bibi yako. Ukimwona mtu mtandaoni anakinadi kitabu cha namna hiyo, weka pesa zako mfukoni. Sarafu zilizopita Lamu zilitoka Vienna, Birmingham, Calcutta, Bombay, Unguja, Kilwa, na chache China. Kila ukoo wa sarafu una watu walioupekua miaka na miaka, na waliyoyaona wameyaandika kila mmoja mahali pake: huyu katika kitabu kinene, yule katika makala iliyojificha ndani ya jarida la mwaka 1936. Kazi yako ni kujua nani aliandika juu ya hiyo iliyo mkononi mwako, kisha kujua utampata wapi bila kutoka kisiwani.

Naandika kwa mtu aliyekwisha kupita hatua ya "hii ni rupia". Hilo mara nyingi limeandikwa juu ya sarafu yenyewe. Kinachotaka kitabu ni matoleo: sarafu mbili za aina moja, mwaka mmoja, zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, mpaka uziweke chini ya lenzi uone moja ina herufi ndogo ya kiwanda na nyenzake haina. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha ilitengenezwa wapi, wakati mwingine lini, na mara nyingi ndiyo inayotenga sarafu ya kununulia mahamri na sarafu ya kuwekwa.

Anza na sarafu, kitabu baadaye

Watu hukimbilia vitabu mapema mno. Kitabu cha sarafu hukujibu ulichokiuliza tu, kwa hiyo kabla ya kukifungua uwe na vipimo.

Cha kwanza ni uzito. Masonara wa Usita wa Mui wana mizani za kidijitali zinazopima hadi sehemu ya mia ya gramu. Nenda asubuhi wateja hawajajaa, uombe kwa adabu. Sonara mmoja mzee huniambia, "Mwanangu, mimi naipima niiyeyushe, wewe waipima uiandike," na hata hivyo hunipimia. Halafu kipenyo kwa kalipa, hata ile ya plastiki. Halafu ukingo: ni laini, una meno, au una maandishi? Jaribu sumaku. Kisha shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, uizungushe kama ukurasa wa kitabu: upande wa pili umesimama wima au umepinduka? Vitabu vya matoleo hutaja jambo hilo mara kwa mara, na wengi hawajawahi kuliangalia.

Picha zipige kwa mwanga wa pembeni. Kaa barazani asubuhi, jua likiwa bado chini, uilaze sarafu juu ya kitambaa cheusi, na herufi zilizolika zitajitokeza kwa kivuli chake. Usiisugue kwa ndimu wala majivu hata kama umezoea kung'arisha vikuku hivyo. Nyingi ya alama tunazozitafuta ni nyembamba kuliko uchafu uliozifunika, na zote mbili huondoka pamoja.

Ijue jamaa yake

Sasa igawe sarafu katika jamaa yake, maana kila jamaa ina vitabu vyake. Huku kwetu utakutana zaidi na riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Rupia na pesa za India, za Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki na za Malkia Victoria. Pesa za Sayyid Barghash wa Unguja. Sarafu za kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na makao Mombasa. Hela na rupia za Wajerumani. Senti na shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Na za Kenya huru kuanzia 1966. Nje ya hizo kuna za kale zaidi, nitazifikia.

Mkanganyiko wa kawaida kabisa ni wa mizani. Pesa za shaba za Barghash, za Hijria 1299 na 1304, zina picha ya mizani. Pesa ya Mombasa ya 1888 nayo ina mizani na maandishi ya Kiarabu. Ukitazama upande huo peke yake, ukiwa umechakaa, utazichanganya. Geuza: ya Mombasa ina jua lenye miale na jina la kampuni kwa herufi za Kiingereza, ya Unguja haina. Na ya Mombasa yenyewe ina matoleo mawili, moja lina H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, la pili lina C na M za Calcutta. Hapo tayari umevuka kutoka aina kwenda toleo, bila kitabu.

Katika hili waliosoma chuoni, yaani madrasa, wana faida kubwa. Mkusanyaji wa Ulaya hukodoa macho saa nzima mbele ya ١٢٩٩, ilhali mtoto wa mtaa wa Langoni huisoma akipita. Itumie faida hiyo: nakili maandishi yote ya Kiarabu unayoyaona, hata neno nusu.

Katalogi kubwa ni mlango tu

Katalogi ambayo dunia nzima huitaja ni ile ya Krause na Mishler, iliyotoka mara ya kwanza 1972. Ukiona mahali pameandikwa KM na namba, ni namba ya humo. Baadaye ilikua ikagawanywa kwa karne: 1601 hadi 1700, 1701 hadi 1800, 1801 hadi 1900, 1901 hadi 2000, na ya miaka ya sasa. Kitabu cha karne ya ishirini peke yake kina zaidi ya kurasa 2,000.

Ugumu wake ni kujua jina la kutafutia. Ukifungua "Kenya" peke yake utapata za 1966 na kuendelea, ufikiri kitabu hakina kitu. Jaribu Mombasa, jaribu Zanzibar, jaribu Afrika Mashariki, na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rupia iko chini ya India ya Waingereza. Riale itafute chini ya Austria na mwaka 1780, hata kama iliyo mkononi mwako ilitengenezwa baba yako akiwa shule.

Matoleo, Krause huyaonyesha kwa nukta. Shilingi ya fedha hafifu ya George VI, ile ya simba na milima, ni KM 28, lakini ndani yake kuna 28.1, 28.2 na kuendelea, zikitenganishwa kwa ukingo mwembamba au mnene na kwa mchoro wa simba ulioguswa upya. Ukiona nukta, simama. Kitabu kinakwambia kuna kitu cha kuangalia kwa lenzi. Ukiona mwaka mmoja umerudiwa kwa herufi mbele yake, fahamu ni viwanda: H ni Heaton, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Peni ya tundu (senti kumi) ya 1936 yenye jina la Edward VIII ni mfano mzuri wa kujifunzia. Mfalme huyo aliacha kiti Desemba mwaka huo huo, sarafu ina tundu kwa hiyo haina sura yake, na inapatikana ikiwa na H, ikiwa na KN, na ikiwa haina herufi. Nyumba nyingi hapa zina moja iliyotungwa kwenye uzi.

Safu za bei zipuuze. Ni bei za wauzaji wa Marekani, za mwaka kitabu kilipochapwa, kwa sarafu ambazo hazijawahi kuoshwa kwa majivu. Kwa sababu hiyo hiyo huhitaji toleo jipya: peni ya 1936 haijaongeza herufi tangu hapo, na katalogi ya miaka ishirini iliyopita itakutosha kwa karibu kila kitu chenye sura ya mfalme.

Kama huna kitabu, Numista ni katalogi ya bure mtandaoni na simu yako inaifungua vizuri. Wengi huishia kwenye picha. Wewe shuka chini hadi mstari wa marejeo, pale palipoandikwa KM na baada yake majina mengine mafupi yenye namba. Kila jina fupi ni kitabu. Ule mstari ndio ramani yako ya kwenda ngazi ya pili, na ni bure.

Ngazi ya pili: mfano wa riale

Hapa ndipo kazi ilipo, na riale inaonyesha vizuri kuliko nyingine yoyote. Ni ile sarafu pana ya fedha, gramu 28.07 hivi, kipenyo kama milimita 40, yenye mama wa kifalme upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Mwaka ni 1780 katika kila moja. Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani zetu walikwisha kuizoea na hawakutaka nyingine, basi ikaendelea kupigwa chapa na mwaka ule ule. Imepigwa Vienna, Milan, Venice, Prague. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata mihuri ya kupigia na kuanza kuitengeneza Roma. London, Paris na Brussels nazo zikaingia. Wakati wa vita ikapigwa Bombay, na baada ya vita Birmingham.

Krause itakwambia ni riale ya 1780 na kwamba zimerudiwa. Hapo inanyamaza. Kwa matoleo unahitaji kazi mbili: makala ya M. R. Broome katika jarida la Numismatic Chronicle la 1972, na leksikoni ya Walter Hafner ya 1984. Huyu Hafner ndiye wauzaji wanaomtaja wakiandika jina lake na namba. Anachokufundisha ni pa kutazama: lulu za kwenye utepe wa kichwa, lulu za bruchi begani, umbo la manyoya ya mkia wa tai, msalaba mdogo baada ya 1780, na michoro inayotenganisha maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA kwenye ukingo. Herufi S.F. chini ya kifua zisikushughulishe. Ni za maofisa wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na viwanda vingine vilivyofuata vilizinakili pamoja na mengine.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuna kitabu cha Clara Semple cha 2005 kinachosimulia safari ya riale duniani. Ni kitabu kizuri mno, na anayetaka kujua kwa nini fedha ya Austria iligeuzwa vikuku vya wake zetu akisome. Lakini ukikinunua ili uhesabu lulu utakasirika bure. Kabla ya kutoa pesa jiulize kitabu ni cha historia au cha utambuzi, maana wauzaji huviweka rafu moja.

Kwa jamaa nyingine nitapita upesi. Rupia na pesa za India kuanzia 1835, tafuta kazi ya Paul Stevens na Randy Weir juu ya sarafu za 1835 hadi 1947, au sehemu ya nne ya kitabu cha Pridmore. Rupia za 1840 na 1862 zina matoleo ya kukutoa jasho, na hao ndio waliokaa wakayahesabu. Za Wajerumani zimo katika kitabu cha Kurt Jaeger cha sarafu za Ujerumani tangu 1871. Za makoloni zina N mbele ya namba. Humo utafute hela 20 za Tabora za 1916, zilizotengenezwa vita vikiwa vimewazingira, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano. Taji kubwa au dogo, ncha za L mbili za neno HELLER zimejikunja au zimechongoka: tofauti zake zinaonekana hata kwa macho makavu. Kenya huru haihitaji zaidi ya Krause au Numista. Angalia tu kama sura ya Mzee Kenyatta imezungukwa na maandishi; za 1966 hadi 1968 hazina, kuanzia 1969 zinayo.

Za kale zaidi, na kwa nini haziko kwenye katalogi

Vipande vidogo vya fedha vya Shanga, kisiwani Pate, na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, hutavipata kwa kufungua Krause. Vyanzo vyake ni majarida na ripoti za uchimbaji. Juu ya Kilwa, John Walker aliandika katika Numismatic Chronicle 1936, akafuatiwa na Freeman-Grenville 1957. Juu ya Shanga, Helen Brown 1992 katika jarida hilo hilo, na ripoti nene ya Mark Horton ya 1996. Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa 1984 ikiwa na zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ilielezwa katika jarida la Azania 1986. Uchimbaji wa Manda umo katika kitabu cha Neville Chittick cha 1984.

Sarafu za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno yanayofunga kina na jina lile, kwa hiyo picha kubwa zenye maandishi yaliyonakiliwa ndizo zitakazokufaa. Orodha ya sarafu za Kiislamu ya Stephen Album, toleo la tatu la 2011, inapatikana bure kwa PDF na ni nzuri sana kwa kujua nani alitawala lini na vitabu gani vya kufuata. Picha haina hata moja, usishangae.

Kuhusu China: mwaka 2013 watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kuwa wamepata Manda sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala 1403 hadi 1424. Nyingine ya Yongle ilipatikana Mambrui, karibu na Malindi. Za namna hiyo, zenye tundu la mraba, kitabu chake ni cha David Hartill cha 2005, na unaweza kukitumia bila kujua Kichina kwa kulinganisha maumbo ya herufi.

Pa kuvipata

Anza karibu. Ndani ya Ngome kuna maktaba, na Jumba la Makumbusho la Lamu liko palepale mbele ya bahari. Usiingie na kuuliza "mna vitabu vya sarafu?" Utaambiwa hapana, kwa haki. Uliza kwa jina la mwandishi na mwaka: Horton 1996, Chittick 1984, Azania 1986. Sarafu zimo ndani ya ripoti za uchimbaji, na mkutubi hawezi kuzijua zote kwa kichwa. Usipofanikiwa, kuna maktaba ya makumbusho Fort Jesus, Mombasa, na ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, Nairobi, waliokuwa wachapishaji wa Azania wakati huo.

Mtandaoni, makala za Numismatic Chronicle ziko JSTOR, na akaunti ya bure hukuruhusu kusoma kadhaa kwa mwezi. Internet Archive ina majarida ya zamani yasiyo na hakimiliki tena, na baadhi ya vitabu vipya zaidi huazimisha kwa saa moja moja. Uwe na daftari tayari kabla saa haijaanza. Newman Numismatic Portal nayo ni bure, na ina katalogi nyingi za minada. Usizidharau hizo, kwani mnada mzuri hutaja namba ya kitabu chini ya kila picha, na picha zenyewe huwa bora kuliko za vitabu. Kwa sarafu za Kiarabu na za mashariki kwa jumla, Zeno ni hazina ya picha iliyopangwa kwa nasaba za watawala.

Unapotafuta, badilisha tahajia. Riale iandike Taler na Thaler. Pesa ya Unguja iandike pysa, ya Mombasa pice, ya India paisa na pice. Nusu ya vitabu "visivyopatikana" viko chini ya tahajia nyingine.

Kabla hujalipa

Vitabu hivi ni vizito, na nauli ya kukifikisha kisiwani inaweza kuzidi bei ya kitabu. Kwa hiyo kijaribu kwanza. Chagua sarafu unayoijua vizuri, tuseme pesa ya Mombasa yenye C na M, umwombe muuzaji akupigie picha ukurasa wake. Kitabu kikitaja H peke yake, au kikitaja vyote viwili bila kueleza alama iko wapi, kiache. Tazama pia kama picha zina ukubwa wa kuhesabia lulu, na kama mwandishi anakupa uzito na kipenyo. Kitabu kisicho na uzito ni cha kupambia meza.

Na mkiwa watatu au wanne mnaopenda mambo haya, changeni mnunue Krause moja kuukuu, kila mmoja akatafute kitabu chembamba cha jamaa anayoipenda. Ndivyo ninavyoona mambo yanavyokwenda hapa, maana hakuna mtu mmoja anayehitaji Jaeger kila siku.

Sheria, na pale vitabu vinapokwama

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi kunataka kibali, kwa hiyo usikubali mgeni akubembelezee riale aitie mfukoni aende nayo. Sarafu iliyookotwa magofuni, Shanga, Manda, Takwa au kwingineko, ipelekwe makumbusho pamoja na maelezo ya mahali hasa ilipookotwa. Usichimbe kutafuta ya pili.

Ikiwa umepita vitabu vyote na sarafu bado haina jina, waandikie wahifadhi wa sarafu wa makumbusho, wa hapa nchini kwanza, kisha British Museum au Ashmolean ya Oxford. Barua iwe fupi: picha mbili zenye mwanga wa pembeni na moja ya ukingo, uzito, kipenyo, mwelekeo wa pande, maandishi uliyoyasoma, na mahali ilipotoka. Taja pia vitabu ulivyokwisha kuvipitia na namba ulizozikataa, pamoja na sababu ya kuzikataa, maana mhifadhi huanzia hapo kusoma.